Mshono Usioumiza

Cherehani ya Tereza ilikuwa ya mkono. Ilikaa juu ya meza, karibu na dirisha, katika nyumba yao ya Mazwi, mjini Sumbawanga. Ilijua mshono mmoja tu, ule wa kwenda mbele. Haikujua kurudi nyuma. Haikujua zigizaga. Lakini ilisaidia kulisha nyumba, na majirani walizoea kuisikia tangu asubuhi.

Mume wake, Felisian, aliuza samaki. Alipanda malori kwenda Kabwe, kule ziwani, akarudi na magunia ya dagaa na migebuka mikavu. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Akipita sokoni, soko zima lilijua kwamba amepita.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na mitumba ilimwagwa chini kwa marundo. Watu waliinama, wakachagua. Felisian hakuinama.

"Mke wangu ni fundi," alisema kwa sauti. "Nivae nguo za kafa Ulaya kwa nini? Shati hili kanishonea Mama Scola. Tazameni kola hii!"

Watu walicheka. Tereza aliposimuliwa habari hizo alijifanya kukasirika, lakini moyoni alifurahi sana. Mwanamke gani asingefurahi?

Sasa nieleze jinsi Tereza alivyoshona, maana balaa lilianzia hapo.

Alijifunza kushona wakati wa uhaba. Ninyi mliozaliwa juzi hamkuuona. Kitambaa kilipatikana kwa foleni katika duka la ushirika, na wengine walishinda kwenye foleni wakarudi mikono mitupu. Fundi aliyeacha kitambaa kingi ndani ya mshono alionekana mharibifu. Kwa hiyo Tereza alishona pembeni kabisa mwa kitambaa. Kisha alichukua mkasi, akapunguza hata kile kidogo kilichobaki ndani, mpaka kikawa chembamba kama ukucha. Vipande alivyopunguza alivijaza kwenye mito. Watu walimsifu. "Kwa Tereza hakipotei kitu," walisema.

Uhaba ukaisha. Vikaja vitambaa vya kila rangi, vya kung'aa na vya bei nafuu. Vingi vilikuwa vya teteroni, na nyuzi zake ziliteleza. Ukikata leo, kesho ukingo umefumuka. Lakini mkono wa Tereza haukupata habari kwamba uhaba umeisha. Uliendelea kukata vilevile. Mshono ukifumuka, alipitisha mwingine juu yake. Nao ukifumuka, akapitisha mwingine tena. Kwa nje shati lilipendeza. Kwa ndani mshono ulikuwa mgumu kama kamba, na ncha za nyuzi zilichomoza kila upande.

Felisian hakuona shida yoyote. Alikuwa amenenepa, ana ngozi ya mtu mwenye afya. Mshono ule haukumsumbua.

Kisha akaugua.

Ilianza kama maumivu ya tumbo. Alikunywa dawa za mizizi, akanywa vidonge vya dukani, akasema yatapita. Hayakupita. Hospitali walimpima mara kadhaa. Mwishowe daktari, kijana mpole, aliwaita mume na mke, akafunga mlango. Aliwaambia ukweli. Ilikuwa saratani ya tumbo, na ilikuwa imekwisha kuenea. Kumpasua kusingemsaidia. Aliwapa dawa za kutuliza maumivu, akamwomba Tereza amtunze vizuri nyumbani.

Tereza alimtunza vizuri kwa kadiri alivyojua. Alimpikia uji wa ulezi. Alimgeuza kitandani. Na kwa kuwa Felisian alikonda kila wiki, Tereza alichukua mashati yake, moja baada ya jingine, akayapunguza yamkae. Aliyapunguza kwa mkono uleule wa wakati wa uhaba.

Binti yao, Scola, alikuwa amechumbiwa na Edwin, kijana wa Milanzi. Harusi ilipangwa mwezi wa nane, baada ya mavuno. Felisian alikuwa na ombi moja tu.

"Nimpeleke mwenyewe mpaka mbele ya padre," alisema. "Baada ya hapo Mungu anifanye apendavyo."

Mwezi wa saba baridi ya nyanda za Ufipa ilikuwa kali. Upepo ulipita chini ya mlango. Felisian alishinda na kulala ndani ya shati. Siku moja Tereza alikuwa akifua uani. Aligeuza shati la mumewe, ndani akaleta nje, ili alisugue vizuri. Akaona mistari myekundu. Mmoja ulishuka ubavuni. Mwingine ulipita begani. Yote ilifuata mshono. Alidhani ni rangi ya nguo nyingine, akaisugua kwa sabuni.

Ilikuwa damu.

Aliliacha shati ndani ya beseni. Aliingia chumbani na mikono yenye povu.

"Baba Scola, nionyeshe mgongo."

"Mgongo wangu una nini? Mgongo ni mgongo."

"Nionyeshe."

"Ni kunguni tu, mama. Kunguni wa Mazwi hawana adabu."

Tereza hakucheka. Alimfungua vifungo, akamvua shati taratibu. Mabegani ngozi ilikuwa imechubuka. Ubavuni palikuwa na kidonda kibichi. Vidonda vilikwenda sawasawa na mishono yake.

"Tangu lini?"

Felisian aliangalia dirishani. "Siku nyingi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mashati umenishonea wewe."

Tereza aliketi sakafuni akalia. Alikuwa amemuumiza mtu aliyempenda kuliko wote, na amemuumiza kwa kazi aliyokuwa akijivunia. Felisian alinyoosha mkono akamshika kichwani.

Tangu siku hiyo Felisian alilala bila shati, amejifunika blanketi. Blanketi lilimwasha, na baridi ilimkohoza. Scola alikuwa na mazoea ya kumkumbatia baba yake kila asubuhi. Sasa akimkaribia, Felisian alijikunja kabla hajaguswa. Scola akajifunza kumshika vidole tu.

Jioni moja Felisian alimwita mkewe.

"Nimefikiri habari za harusi. Sebastiani atampeleka Scola."

Sebastiani alikuwa mdogo wake Felisian. Alikuwa mtu mwema, na angekubali. Lakini Tereza hakutaka kusikia.

"Wewe ndiye baba yake."

"Misa ni ndefu, Mama Scola. Siwezi kukaa na shati mwilini muda wote ule. Na kifua wazi sitaingia kanisani. Nitabaki hapa. Mtakuja kunisimulia."

Alisema hayo akitabasamu. Tabasamu lile lilimuuma Tereza kuliko kama mumewe angelia.

Ng'ambo ya ua aliishi Marsiana, ambaye mtaani walimwita Mama Theodory. Alikuwa mjane. Miaka mingi alifanya kazi katika chumba cha kushona cha hospitali moja ya misheni. Huko alishona mashuka na nguo za wagonjwa mpaka alipostaafu. Alikuwa na mdomo mkali na roho nzuri. Tereza alikuwa hajawahi kumuuliza jambo lolote la kushona. Fundi kwenda kumuuliza fundi mwenzake si jambo jepesi. Lakini asubuhi iliyofuata alijikaza, akachukua shati lile la madoa ya damu, akavuka ua.

"Hodi, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Mbona macho yamevimba? Mgonjwa kaamkaje?"

Tereza alimweleza yote. Marsiana alichukua shati. Hakuangalia kola wala vifungo. Aliligeuza ndani nje palepale, akapitisha kiganja juu ya mshono wa ubavuni.

"Jamani, Tereza! Hili si shati. Huu ni msumeno."

Tereza aliinamisha kichwa.

"Nisamehe," Marsiana alisema haraka. "Mdomo wangu huu utanifukuzisha mtaani."

"Sema tu, dada. Nimekuja kusikia."

"Basi kaa hapa, nikuonyeshe. Unaona ukingo huu uliokatwa? Ukingo uliokatwa ni ncha za nyuzi tupu. Wewe umeukata karibu mno na mshono, kwa hiyo hauna pa kujificha. Nyuzi zinachomoka. Unapitisha mshono wa pili, wa tatu, panakuwa tuta gumu. Mtu mzima hasikii. Mgonjwa aliyebaki mifupa anasikia kila uzi."

"Sina cherehani ya ovaloki. Nasikia pale sokoni kuna fundi anayo."

"Ovaloki inazuia nyuzi zisifumuke, ni kweli. Kwa shati la kazini inafaa sana. Lakini tuta linabaki ndani. Kwa Felisian haifai. Cherehani yako inatosha kabisa. Tutauzika ukingo."

"Tutafanya nini?"

"Tutauzika. Hospitali tuliuita mshono wa kuzika. Ule ukingo uliokatwa unauzika ndani ya kitambaa chenyewe. Hautoki tena."

Neno lile la kuzika halikutamkwa nyumbani kwa Tereza. Majirani waliokuja kumwona mgonjwa walilikwepa. Yeye mwenyewe, hata alipokuwa bustanini, alisema anafukia mbegu.

"Dada," alisema, "hakuna neno jingine?"

Marsiana alimtazama, akaelewa. Aliweka shati magotini.

"Tuseme kulaza," alisema polepole. "Tunaulaza ukingo. Sawa?"

"Sawa."

Walikwenda sokoni pamoja. Tereza alishika teteroni ya kung'aa, maana ndiyo waliyokuwa wakivaa watu harusini. Marsiana alimvuta mkono mpaka kwenye kitambaa cha pamba cha buluu nyepesi.

"Gusa hiki. Pamba inapumua na ni laini. Ukifika nyumbani kifue kabla ya kukata, wanga wa dukani utoke. Kama kitasinyaa, kisinyae sasa, kisije kikasinyaa shati limekwisha."

Kitambaa kilipokauka, Tereza alichukua futikamba akaenda kumpima mumewe. Alimpima kwa ncha za vidole, bila kumbana.

"Acha nafasi," Felisian alisema. "Nitanenepa."

"Nitaacha."

Hawakutazamana.

Marsiana alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa kando ya cherehani. Tereza alichora mistari ya shati kwa chaki.

"Mstari huo ndipo mshono utakapopita," Marsiana alisema. "Usikate hapo. Kata nje yake. Kati ya mstari na mkasi, acha upana wa kidole gumba."

"Chote hicho?"

"Chote. Usikionee huruma kitambaa. Mwonee huruma Felisian."

Tereza alikata. Kila alipokata, aliona anaharibu mali. Kisha Marsiana akamwambia ajaribu kwanza kwenye vipande viwili vidogo vilivyobaki.

"Viweke pamoja. Upande wa ndani uangaliane na upande wa ndani."

"Si kinyume hicho? Mshono utatokea nje!"

"Ndiyo ninavyotaka. Sisi wazima tunauficha mshono ndani, tuonekane nadhifu. Mgonjwa tunamtolea nje. Huko nje utamkwaruza nani?"

Tereza alitoa macho. Katika miaka yote ya kushona, hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Alishona juu ya mstari. Alipofika mwisho aliinua mguu wa cherehani unaobana kitambaa, akakigeuza kitambaa, akashona kidogo juu ya mshono uleule, kwa kuwa cherehani yake haikujua kurudi nyuma. Hivyo mshono usingeachia.

"Vizuri," Marsiana alisema. "Sasa una kingo mbili zimesimama pamoja. Chukua mkasi. Punguza ukingo mmoja tu, ubaki nusu yake. Ule mwingine usiuguse."

Chumbani Felisian alikohoa. Tereza aligeuza kichwa kumsikiliza, na mkono wake ukaendelea na kazi. Alipoangalia tena, kingo zote mbili zilikuwa zimebaki upana wa ukucha.

"Nimekata zote," alisema kwa mshtuko.

"Nimekuona. Mkono wako bado umesimama kwenye foleni ya ushirika."

Tereza alicheka bila kutaka. Marsiana naye akacheka. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko kwa muda mrefu.

"Mnacheka nini?" Felisian aliita kutoka chumbani. "Semeni na mimi nicheke."

Tereza alichukua vipande vingine, akaanza upya. Safari hii aliuangalia mkasi wake tangu mwanzo mpaka mwisho. Akapunguza ukingo mmoja.

"Ule mrefu ukunje juu ya ule mfupi, uufunike wote. Umeona? Nyuzi zote zimeingia humo ndani. Sasa ulaze mkunjo wote upande mmoja, kitambaa kikae bapa. Upige pasi."

Tereza alitoka nje kupuliza majivu ya pasi ya mkaa, yasije yakachafua kitambaa. Akarudi, akapiga pasi mpaka mkunjo ukatulia.

"Malizia sasa. Shona juu ya mkunjo, karibu kabisa na ukingo wake. Usikimbize gurudumu."

Alishona polepole. Alipomaliza, kwa nje ilionekana mistari miwili nadhifu iliyokwenda sambamba. Aligeuza ndani. Hapakuwa na ukingo wa kufumuka, wala tuta, wala uzi uliochomoza.

"Usiguse kwa kidole," Marsiana alisema. "Vidole vya fundi vimekufa ganzi. Pitisha shavu."

Tereza alipitisha shavu juu ya kitambaa. Alilipitisha tena na tena, kisha akafunika uso wake kwa kile kipande. Marsiana alimwacha alie.

Shati lenyewe halikuwa kazi rahisi. Mbavuni kulikuwa na mstari ulionyooka, pakaenda vizuri. Mabegani pakaenda vizuri. Kwapani, mahali palipopinda, mkunjo ulikataa kulala. Tereza alifumua, akashona, akafumua tena.

"Mahali pa kupinda usilazimishe," Marsiana alimwambia. "Kunja kidogo, piga pasi kidogo, shona kidogo. Kisha endelea mbele."

Pindo la chini na la mikono alilikunja mara mbili, ili huko nako pasibaki ukingo wazi. Kila uzi uliobaki ukining'inia aliufunga, akaukata. Lebo hakuweka. Kola aliifanya laini, bila kitambaa kigumu ndani.

Siku ya kujaribu, Felisian alikaa pembeni mwa kitanda. Vidonda vyake vilikuwa vimeanza kukauka, lakini ngozi ilikuwa bado changa. Tereza alimwingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Felisian alifumba macho akasubiri maumivu. Tereza naye alisubiri. Alishika ubao wa kitanda mpaka vidole vikamuuma.

Felisian alishusha mabega. Akaegemea ukuta. Akajisogeza kushoto, kisha kulia.

"Mama Scola," alisema, "umesahau kushona?"

"Nimesahau wapi?"

"Mshono. Siusikii."

Alitaka kucheka, lakini machozi yalimtoka. Tereza alianza kumfunga vifungo, kimoja kimoja, maana hakujua afanye nini kingine.

"Mwambie Sebastiani asihangaike," Felisian alisema. "Mtoto ni wangu."

Siku ya harusi upepo ulikuwa mkali na jua lilikuwa jeupe. Felisian alifika kanisani kwa gari la kuazima. Aliingia akiegemea fimbo upande mmoja na Scola upande mwingine. Alitembea polepole sana. Kwaya iliimba wimbo ukaisha, wakaurudia. Hakuna aliyenung'unika.

Mbele ya altare Edwin alikuwa akisubiri. Scola alimgeukia baba yake amuage. Kwa mazoea, alimshika vidole.

"Vidole vya nini?" Felisian alimwuliza. "Nikumbatie."

"Baba, mgongo wako."

"Nikumbatie, mwanangu. Kwa nguvu."

Scola alimzungushia mikono taratibu, akiogopa. Felisian hakujikunja. Ndipo Scola akamkumbatia kama zamani, kichwa begani, viganja vyote mgongoni. Padre alisubiri. Tereza aliangalia mikono ya binti yake ikikandamiza lile shati la buluu, akalia waziwazi, na hakuona aibu. Kisha mwanamke mmoja nyuma alipiga kigelegele, na kanisa zima likamfuata.

Felisian alikaa misa yote. Mgongo wake uliegemea benchi. Wakati wa kutakiana amani aliwapa mkono watu wa mbele na wa nyuma, na mmoja wao alimwuliza kwa kunong'ona nani aliyemshonea. Alijibu kwa sauti, na watu wakageuka. Padre mwenyewe alitabasamu.

Alifariki asubuhi moja kabla ya mvua za kwanza. Katika wiki zake za mwisho alivaa mashati ya pamba ambayo Tereza alimshonea, mawili, yakibadilishana kwenda kufuliwa. Kama mtu anauliza ilisaidia nini, maana mgonjwa alikufa, basi asikilize.

Wanawake walikuwa wameketi uani na mfiwa. Ndani, Sebastiani na wazee wawili walikuwa wakimwosha marehemu na kumvika. Sebastiani alitoka na mikono yake bado mibichi. Alikuja moja kwa moja kwa Tereza, akachuchumaa mbele yake.

"Shemeji," alisema, "tumemaliza. Nilitaka wewe ujue kabla ya mtu mwingine. Mgongo wake ulikuwa mzima. Vidonda vyote vilikuwa vimefunga. Hakuna hata kimoja."

Tereza aliitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo kubwa kwake, na bado halikutosha. Alitaka mume. Alimlilia siku ile na siku nyingi zilizofuata, na sitasema kwamba alizoea, kwa sababu hakuzoea.

Cherehani ilikaa kimya mpaka mahindi yakaota. Kisha sare za shule zikaanza kuletwa, na Tereza akaketi tena karibu na dirisha. Sasa aliacha upana wa kidole gumba kila alipokata. Alifua pamba kabla ya kuikata. Sketi na kaptula aliziwekea mshono wa kulaza, na kwenye teteroni inayoteleza alihakikisha hakuna ukingo uliobaki wazi. Wazazi waliona tofauti. Sare ya mtoto mkubwa ilivaliwa mpaka ikawa fupi, ikarithiwa na mdogo wake, na mshono haujafumuka. Wateja waliokuwa wamehamia kwenye mitumba walirudi, si wote, lakini wa kutosha. Wasichana wawili wa mtaani walikuja kujifunza kwake. Akiwakuta wanapunguza kingo zote mbili, aliwapiga kofi dogo mkononi.

Siku moja alikuja mtu mzima kutoka Milanzi, jina lake Kornel. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye unayeshona mashati ya wagonjwa?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Nani anaumwa?"

"Baba. Amelala kitandani tangu mavuno. Nimekuja na shati lake la zamani, upate vipimo."

Tereza alilipokea shati. Alichukua futikamba, kisha akaiweka chini.

"Kabla ya vipimo, niambie. Anaumia wapi?"

Kornel alifikiri. "Hatujui hasa. Tukimgeuza anakunja uso. Tukimwuliza, anasema hajambo. Mama ndiye anayemfulia na kumvika, nadhani baba hataki kumhuzunisha."

Tereza aliligeuza shati ndani nje. Nje wale wasichana wawili walikuwa wakicheka, akawaashiria wanyamaze.

"Kesho nitakuja kumpima mwenyewe," alisema. "Lakini ukifika leo mwambie baba maneno yangu. Mwambie fundi amesema, shati likimuuma, aseme. Lolote linalomuuma, aseme. Hata kama yule atakayeambiwa atalia, amwambie."